Karatasi ya Mama Rebeka

Kamanga,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Baba Rebeka,

Barua hii anakuletea Evelina, yule wa dagaa, anavuka kesho na feri ya asubuhi kwenda Mabatini kwa wateja wake. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mlinzi wa kambi. Ile ya Krismasi mlinzi aliifungua akaisoma yote, halafu akakupa salamu zangu kwa mdomo kabla wewe hujaiona.

Sisi hapa wazima. Mama yako anakohoa kidogo lakini shambani anakwenda. Mtoto anatembea. Sio zile hatua mbili za kuanguka, anatembea kweli, juzi nilimkuta kwa wakata tiketi wa feri amekaa anakula karanga zao. Ana tabia moja sasa. Tangu siku ile mtangazaji alipotaja jina lako, akiona redio anaipigapiga anasema baba, baba. Akiongea mwanamke humo ndani ananigeukia mimi kama vile ni mimi niliyekutoa humo.

Hiyo redio ndiyo imenifanya nishike kalamu. Ijumaa wamesema mzee mwenye kiwanda cha samaki amejitoa, hataki tena kuilea timu yenu ya Kambale, na sasa haina nauli ya kwenda kucheza Songea. Mama akaizima, akasema redio ina maneno mengi. Mimi nikasema nitamuuliza mwenyewe. Ni kweli? Na kama ni kweli, mshahara wenu atalipa nani?

Najua mwalimu wenu anafungia simu sandukuni mpaka Jumapili jioni, lakini Jumapili mbili nimekupigia kwa simu ya Mama hupatikani.

Halafu chumba cha Mabatini. Ulisema Pasaka tutakuwa ndani. Pazia nimeshanunua, la kijani, liko chini ya godoro. Na vyombo vyangu nimeanza kuvitoa katikati ya vya Mama, kimoja kimoja, asije akaona namkimbia. Nakuuliza kitu kimoja tu, dirisha la hicho chumba lina upana gani? Pazia nilikata kwa kukisia.

Mkeo,
Sabina


Kambini, Mwanza
8 Februari 2025

Mama Rebeka,

Barua nimeipata mkononi kama ulivyotaka, na Evelina alisimama mpaka nilipoifungua.

Mambo ya redio usiyafuate. Mzee wa kiwanda ana mambo yake, viongozi wanaongea naye. Sisi wachezaji hatuna wasiwasi. Kubwa ninalotaka ulijue ni kwamba Jumatano nimeanza tena, beki ya kushoto, mechi ya tatu mfululizo. Mwaka mzima nimekaa benchi nikiwabebea wenzangu maji, leo jezi namba tatu ni yangu. Baada ya mechi kuna mtu alikuja kuuliza jina langu. Sijui ni wa timu gani, lakini aliliandika.

Simu inasumbua chaji.

Chumba mwenye nyumba anabadilisha mabati, kaomba tumsubiri kidogo. Dirisha ni la kawaida.

Mwambie Rebeka baba yupo.

Venant


Kamanga,
15 Februari 2025

Baba Rebeka,

Nimelifikiria hilo dirisha lako la kawaida. Sijawahi kuona dirisha la namna hiyo. Kila dirisha lina ukubwa wake.

Evelina anasema Alhamisi amekuona nyuma ya Mabatini, kule kwenye mawe, unaponda kokoto na fulana umejifunga kichwani. Amekuita ukageuka upande wa pili. Aliporudi hapa akanipigia kelele mbele ya watu wa feri, shoga, huyo mumeo amesajiliwa na Kambale au na majabali? Nikacheka kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

Kuponda kokoto sio aibu, baba yangu mzazi kaponda. Lakini mtu anayelipwa mshahara haendi kuponda kokoto akitoka mazoezini. Niambie kilichopo. Mimi sio mtoto wa kufichwa, na huyo aliye mtoto anakutafuta kwenye redio.

Sabina


Ofisi ya Kambale F.C.
(dukani kwa Seif, fundi cherehani)
Mabatini, Mwanza
20 Februari 2025

Bi. Sabina, mke wa Venant,

Salaam. Mimi ni Seif, katibu wa timu. Hatujawahi kuonana, lakini baada ya kusoma karatasi yako naona kama binti yangu ndiye aliyeiandika. Ningeweza kutafuta namba nikupigie, ila kwa umri wangu jambo lililokuja kwa karatasi hulijibu kwa karatasi.

Ninakushukuru. Wapo waliotucheka tulipotangaza kwamba kila mchezaji alete neno la mkewe, na asiye na mke alete la mama yake, kuwa nyumbani wameridhia acheze mechi tisa zilizobaki bila mshahara. Walisema tangu lini mpira ukasainiwa jikoni. Hawakuwepo miaka mitatu iliyopita. Safari ile wachezaji walikubaliana wenyewe kwa wenyewe, na siku ya mechi wake zao kumi na wawili wakaingia uwanjani na masufuria matupu, wakakaa kwenye duara la katikati. Mwamuzi akavunja mechi, tukanyang'anywa pointi. Kamati ikaapa siku hiyo kwamba bila neno la nyumbani hakuna makubaliano.

Sasa hali unaifahamu. Songea tulishindwa kufika. Tukikosa kufika kituo kingine cha mechi timu inafutwa kwenye ligi, na wachezaji hawatasajiliwa popote mpaka msimu ujao. Wasimamizi wa ligi wamesema watatuacha tuendelee kama tutathibitisha kwa maandishi kwamba wachezaji wote ishirini na mmoja wako tayari, na viingilio vya uwanjani, ambavyo vingekuwa mishahara, viwe nauli.

Karatasi yako ndiyo iliyofika ya kwanza, na kwa siku tatu ilikuwa peke yake. Ijumaa nikaisoma hapa dukani mbele ya wachezaji na wake zao waliokuja. Nilipofika pale uliposema, "Mimi niko tayari kula dagaa mwaka mzima ilimradi nile na wewe," Yasmin, mke wa nahodha, ambaye alikuwa amekataa katakata, aliomba kalamu. Mpaka jioni karatasi zote ishirini na moja zilikuwa mezani. Tutazikabidhi Jumanne, tarehe 4 Machi, kabla ya saa sita mchana.

Nimemshonea mtoto gauni kwa kitambaa kilichobaki kwenye jezi, mgongoni nimeweka namba ya baba yake. Kimo nimekisia.

Seif
Katibu


Kamanga,
22 Februari 2025

Baba Rebeka,

Naomba unitumie nakala ya ile barua niliyoandika. Nimeambiwa ni nzuri sana na imewageuza watu.

Gauni limemtosha mtoto, limezidi kidogo mabegani. Mama ameuliza limetoka wapi, nikasema zawadi ya timu. Akauliza zawadi ya nini. Nikasema sijui, na hapo sikudanganya.

Hayo maneno ya dagaa nayajua. Niliyaandika mimi, mimba ya Rebeka ikiwa miezi saba, wakati ule umekosa usajili umekaa Mwanza kwa rafiki zako unaona aibu kurudi nyumbani. Nilikuwa naandika kwako. Kambale sikuwa naijua, nilidhani ni samaki tu.

Na ungesoma vizuri kabla ya kunakili. Nilisema ilimradi nile na wewe. Hapo ndipo penye neno, huko kwenye dagaa ni mboga tu. Leo nakula dagaa na mama yako.

Ungeniuliza ningekubali? Tangu jana najiuliza. Pengine ningelia kwanza halafu ningekubali. Pengine ningekataa. Sasa hata mimi mwenyewe sitajua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mshahara.

Sabina


Kambini,
25 Februari 2025

Mama Rebeka,

Nitasema yote.

Simu niliuza Januari. Mshahara wa mwisho tulipewa Novemba, na ule niliokutumia Krismasi nilikopa kwa nahodha. Chumba amepangishwa mtu mwingine, mwenye nyumba alinisubiri wiki mbili akachoka. Hakuna mabati yanayobadilishwa.

Siku ya kikao mwalimu aliuliza nani yuko tayari kucheza bila mshahara. Nahodha akanyoosha mkono, mimi nikawa wa pili. Sikufikiri. Niliona nikichelewa atanyoosha yule niliyemnyang'anya namba. Baadaye ndiyo Mzee Seif akasema tulete na karatasi za nyumbani. Ile barua ya kukuomba wewe neno nilitembea nayo mfukoni siku nne. Nilikuwa naiona sura yako ukiisoma, pazia liko chini ya godoro. Nikaogopa utakataa. Basi nikachukua barua yako ya zamani, ninayo tangu siku ile, nikaandika upya yale yanayofaa, chini nikaweka jina lako.

Nilidhani itafungiwa kwenye faili. Sikujua ataisoma hadharani. Alipoanza nilitaka kutoka nje, lakini jamaa walikuwa wananipiga mgongoni wananipongeza kwa kuoa.

Ninakuomba kitu ambacho sina haki ya kukiomba. Usiseme mpaka Jumanne ipite. Ukiitoa ya kwako, Yasmin naye atatoa yake, na akitoa yeye na wengine watafuata. Timu itafutwa. Mimi nitarudi hapo Kamanga kubeba mizigo ya watu kwenye feri, na ninavyojijua nitakuwa mtu mbaya kuishi naye.

Ukinyamaza, nitashukuru. Ukitaka kusema, sitakuzuia.

Venant


Kamanga,
27 Februari 2025

Mzee Seif,

Shikamoo. Gauni limemfaa mtoto, ahsante sana. Anataka kulala nalo.

Ile karatasi uliyoisoma sikuiandika mimi. Aliiandika Venant. Maneno ni yangu lakini ni ya zamani, na yalikuwa ya mtu mmoja. Barua yako ya kututaka neno haikunifikia. Nimejua habari yote siku uliponishukuru.

Ninakuomba usimfukuze. Sio mtu wa kudanganya, na ndiyo maana amedanganya vibaya hivi. Alikaa benchi mwaka mzima, akapewa jezi wiki tatu, akaona inaondoka.

Ameniomba ninyamaze mpaka Jumanne. Nimekaa na ombi lake siku nzima, na nilikaribia kulikubali. Nilikuwa nafua. Nikamfikiria huyo Yasmin. Simjui hata sura. Alikuwa amekataa, akasikia mdomo wangu, akaomba kalamu. Huyo mwanamke naye ana watoto wanaokula. Siku moja nitakutana naye sokoni atanishukuru au atanilaumu, na vyote viwili vitakuwa kwa jambo ambalo sikulisema. Nikaacha kufua nikaja kuandika.

Neno langu ni hili, na nakuomba ulisome palepale, kwa watu walewale.

Mimi Sabina nakubali Venant acheze mechi tisa bila mshahara. Sikubali kukaa ng'ambo. Kama nyumba yetu inatoa, itoe tukiwa pamoja. Evelina ameniambia kambi haina mpishi tangu Januari, na vijana wanaponda kokoto asubuhi na kukimbia jioni kwa chai na maandazi. Mimi kupikia watu wengi najua, msiba wa baba mkwe nilipika siku nne. Nipeni chumba chochote kilichopo hapo, hata mnapoweka mipira, nije na mtoto na pazia langu. Unga mtatafuta nyinyi. Dagaa Evelina atatuuzia kwa bei ya Kamanga, nimeshaongea naye, amelalamika lakini amekubali.

Na mwambie Yasmin karatasi yake ni yake. Akitaka aichukue.

Ni mimi mwenyewe,
Sabina


Mabatini,
Jumapili, 2 Machi 2025

Binti yangu Sabina,

Marahaba. Ninakuandikia nikiwa nimefunga, kwa hiyo utanisamehe maneno yakiwa machache.

Nimeisoma jana jioni kama ulivyoagiza. Kwanza nilifikiri niiweke mfukoni mpaka Jumanne, sitakuficha. Miaka thelathini na miwili nimeishonea timu hii jezi. Niliikunja, nikaikunjua, nikaona nikiificha nami nitakuwa nimekusemea maneno yasiyo yako, kama Venant.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Venant alisimama mwenyewe bila kuitwa, akasema ni kweli, akakaa. Kuna kijana akatania kwamba angalau sasa tumejua beki wetu anajua kuandika kuliko kupiga krosi. Hawakucheka wengi. Mwalimu amemrudisha benchi kwa mechi ya wiki hii. Hakulalamika, ameshika ndoo ya maji kama zamani.

Yasmin aliomba karatasi yake. Nikampa. Akaisoma taratibu kama vile ni ya mtu mwingine, akaiweka kwenye pochi. Wenzake wawili wakafanya vilevile. Kwa hiyo mpaka ninapoandika hapa nina karatasi kumi na nane, pamoja na hii yako mpya, na tunatakiwa kuwa na ishirini na moja.

Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia: "Mzee Seif, yule wa kwanza alikuwa mtamu mno, nilijua kuna kitu. Huyu wa pili nataka nimwone kwa macho. Akija na huyo mtoto wake, karatasi yangu utaipata hapohapo. Asipokuja, msinitafute."

Wale wawili wakasema wanamsubiri Yasmin.

Mwisho ni Jumanne saa sita. Kamati imekubali upishi. Stoo ya jezi nimeitoa vitu, nimepaka chokaa ukuta mmoja, chokaa imeishia hapo. Nusu ya timu wamefunga, kwa hiyo chakula chako cha kwanza kitakuwa cha kufuturu.

Venant aliniambia ulimuuliza habari ya dirisha. La stoo nimelipima kwa futi yangu ya kushonea. Upana inchi thelathini na nne, urefu inchi arobaini. Linatazama ziwa kidogo, ukisimama.

Seif


Kamanga,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba Rebeka,

Evelina anavuka leo jioni kulala kwa dada yake, nimempa hii. Mimi na mtoto tunavuka kesho na feri ya kwanza.

Mama nimemwambia kila kitu. Alikuwa anachambua maharage, hakunyanyua kichwa. Akasema vyombo vyangu alikuwa ananiona nikivitoa tangu Januari, alikuwa anasubiri tu nione aibu niseme mwenyewe. Halafu akaingia ndani akatoka na lile sufuria lake kubwa la misiba, akaliweka juu ya mzigo wangu. Nimemwambia ni zito. Akasema na mimi ni mzito kusikia, nilichukue.

Kwa hiyo ukiniona nashuka na sufuria usiogope. Sijaja kukaa nalo katikati ya uwanja. Bado.

Sijakusamehe yote. Yaliyobaki tutayamaliza kwa mdomo, huko stoo, mtoto akilala. Ile barua yangu ya zamani nirudishie. Naitaka mwenyewe, nione nilikuwa nani mpaka nikaandika vile.

Pazia limezidi inchi sita. Nitalikunja.

Rebeka nimemwambia baba hayuko kwenye redio. Ameipiga mara moja ya mwisho, akaiacha, kavaa gauni lake. Usije kutupokea kama una mazoezi, hata kama ni ya kubeba ndoo. Njia tutauliza.

Na Yasmin na wenzake wakifika kabla yetu, wakakuuliza tena mkeo anasemaje, usiwajibu kitu. Waambie wasubiri, yuko kwenye feri.

Sabina